Thamani ya Gitaa Lililonyamaza

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu, na wauzaji wa vitu vya kale hawakupata kurithishwa msemo wenye faida kuliko huo. Lakini dhahabu haina kazi ila kuwa dhahabu. Ukiifungia sandukuni miaka mia utaikuta ile ile. Chombo cha muziki hakiko hivyo. Kimeundwa ili kitoe sauti, na sauti huzaliwa na kufa pale pale, haiwekwi akiba. Je, mtu anayekinunua chombo kizuri cha kale kwa bei ya kiwanja, kisha akakifungia ndani ya kabati la kioo, amekihifadhi au amekidhulumu? Na fedha hizo alizozitoa, zinalipia kazi ya nani?

Suali hili laweza kuulizwa juu ya udi au kanuni. Hata hivyo, hapana mahali linapobana kama katika biashara ya magitaa ya besi yaliyoundwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, kwa sababu chombo hicho bado ni kichanga. Umri wake haujatimia karne, aliyekiunda anajulikana, waliokipa sauti wanajulikana, na bei yake imepanda mbele ya macho ya watu walio hai.

Leo Fender wa Fullerton, California, hakuwa mpiga gitaa. Alisomea uhasibu, akafungua duka la kutengeneza redio, na akili yake ilikuwa ya fundi anayewasikiliza wateja wanapolalamika. Wapigaji wa besi walikuwa na mengi ya kulalamikia. Sauti ya chini ilitolewa na ile fidla kubwa ya kusimama, ambayo watu wa taarabu wanaijua vyema: nzito kuibeba, ngumu kujifunza, na sauti yake humezwa na ngoma na tarumbeta. Mwaka 1951 Fender alitoa gitaa la nyuzi nne, la umeme, lenye kiwiliwili cha mbao nzima isiyo na uwazi ndani. Aliliita Precision, yaani usahihi, kwa kuwa shingo yake ilikatizwa na vijiti vyembamba vya chuma, viitwavyo freti, vinavyomwonyesha mpigaji mahali hasa pa kubonyeza. Shingo yenyewe aliifunga kwa skrubu nne, ili ikichakaa ing'olewe na kuwekwa nyingine, kama mkulima abadilishavyo mpini wa jembe. Kwa Fender hapakuwa na aibu katika kubadilisha. Gitaa lilikuwa chombo cha kazi, na chombo cha kazi huchakaa.

Mnunuzi wa leo hafuati akili hiyo. Aletewapo gitaa la mwaka 1962, aghalabu hatangulii kulisikiliza, hutangulia kulifungua. Atazitoa zile skrubu nne, atazame mguu wa shingo palipopigwa muhuri wa tarehe. Atafunua bamba la mbele asome tarakimu zilizogongwa kwenye vitasa vya kuongezea sauti, maana hizo hueleza mwaka na wiki vilipotengenezwa. Ataikagua lehemu kama imepata kuguswa tena na chuma cha moto. Atauliza kama ubao wa juu ya shingo ni ule mnene, bapa upande wa chini, uliotumika hadi katikati ya mwaka 1962, au ule mwembamba uliofuata. Ikibainika kwamba mwenyewe wa kwanza alilipaka gitaa rangi nyingine, labda kwa sababu ile ya kiwandani ilibanduka kwa jasho la mkono wake, bei hushuka hadi karibu nusu, hata kama hapana sikio litakalotambua tofauti.

Kwa mizani hii gitaa bora kuliko yote ni lile lililonunuliwa na kijana asiye na kipaji, akalipiga wiki mbili, likamchosha, akalisukuma chini ya kitanda, na likabaki huko hadi wajukuu wakaja kufagia. Biashara humlipa mvivu. Yule aliyepiga kila usiku kwa miaka thelathini, akabadilisha freti zilizolika na vitasa vilivyokufa, yeye ameliharibu.

Iko mipaka mingine ya ajabu zaidi. Kampuni ya Fender iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS mwezi Januari 1965, kwa dola milioni 13, na tangu hapo wapenzi wa magitaa wamegawa historia mafungu mawili, kabla ya CBS na baada yake. Ni kweli kwamba kazi ililegea baadaye, kwa kuwa idadi ilitakiwa kuwa kubwa zaidi kila mwaka. Lakini mbao zilizokwisha katwa hazikuambiwa kwamba mwenye kiwanda amebadilika, na mafundi wa mwezi Disemba ndio hao hao waliorejea kazini mwezi Februari. Mnunuzi hulipa zaidi kwa ajili ya tarehe, kisha huwaeleza marafiki kwamba amelipia sauti.

Sehemu moja ya bei ina sababu iliyo wazi. Ubao wa juu ya shingo za miaka hiyo ulitokana na mti wa Brazil uitwao kwa elimu ya mimea Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wa Tanzania na Msumbiji, ambao ni Dalbergia melanoxylon na ndio utumikao kuundia zumari za Ulaya. Mti wa Brazil ulikatwa hadi ukaadimika, na tangu mwaka 1992 biashara yake baina ya mataifa imepigwa marufuku kwa mkataba wa CITES, isipokuwa kwa vibali maalumu. Kwa hiyo anayelipia gitaa hilo hulipia pia msitu uliokwisha. Hapo angalau kuna kitu cha kushikwa mkononi.

Kinachobaki ndicho kigumu kukieleza. Ukiondoa mbao, chuma na tarehe, kwa nini gitaa la aina hii litamaniwe hata kidogo? Vilikuwepo viwanda vingine, na bidhaa zao za miaka ile ile nyingi zimelala madukani kwa bei ndogo. Jibu ni kwamba kuna watu waliolipiga gitaa hili kwa namna ambayo dunia haikuweza kuisahau. Na katika hao, wa kwanza kutajwa na karibu kila mpigaji ni James Jamerson.

Jamerson alizaliwa kisiwani, Edisto, katika pwani ya South Carolina, mwaka 1936. Akiwa kijana alihamia Detroit na mama yake, akajifunza ile fidla kubwa shuleni, kisha akaingia katika kundi la wapigaji wa studio ya Motown. Gitaa lake mashuhuri lilikuwa Precision la mwaka 1962. Alilipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Nyuzi hakuzibadilisha mpaka zikatike, kwa imani kwamba uchafu wa vidole uliojikusanya juu yake ni sehemu ya sauti. Kwa kidole hicho aliweka msingi wa nyimbo zilizochezwa katika kila bara, na nyendo zake zilikuwa wimbo ndani ya wimbo: zinapanda, zinachelewa makusudi, zinamjibu mwimbaji kisha zinamtangulia. Anayesikiliza bila ya kujua hudhani kwamba ni wimbo wenyewe unaomchezesha.

Hakuwa na jina. Wapigaji wa Motown walilipwa ujira wa kazi. Fungu la mauzo ya santuri halikuwafikia. Kwa miaka mingi majina yao hayakuandikwa hata juu ya majalada, na la Jamerson lilipata nafasi yake pale Marvin Gaye alipotoa What's Going On mwaka 1971. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Jamerson aliifuata, lakini kazi zikapungua na ulevi ukazidi. Alifariki Agosti 1983, akiwa na miaka 47. Siku chache kabla ya kifo chake lile gitaa la mwaka 1962 lilikuwa limekwisha kuibwa.

Waliowahi kuwa karibu na muziki wa dansi wa Tanzania hawatalistaajabia jambo hili sana. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ya mwaka 1978 ilizaliwa chini ya shirika la usafiri na teksi. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwenye vyombo. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake tu, na jina la bendi likabaki nyuma pamoja na gitaa. Wapo mabingwa wa besi waliochezesha nchi nzima, wala hawakupata kumiliki hata uzi mmoja wa gitaa walilolipiga. Tofauti ya Detroit ni kwamba Jamerson alikuwa na gitaa lake mwenyewe. Alichonyimwa ni kile kilichotoka ndani yake.

Hapa ndipo penye uzito wa mambo. Mtu anayelipa maelfu ya dola kwa Precision la mwaka 1962 analipia, kwa kiasi kikubwa, thamani iliyotiwa ndani ya jina hilo na vidole vya Jamerson na wenzake. Fedha hizo zitakwenda kwa muuzaji, kwa dalali, na kwa yule mvivu aliyeliacha chini ya kitanda. Sheria haioni kosa, wala haipaswi kuliona, kwa sababu kila mmoja ameuza kilicho chake. Lakini maadili hayaishii pale sheria inapoishia. Kuna neno katika Kiswahili linalofaa hapa kuliko neno mali, nalo ni amana: kitu kilicho mikononi mwako kwa haki, huku sehemu ya haki yake ikiwa kwa mtu mwingine. Aliyenunua gitaa la namna hii amenunua mbao, na amepokea amana. Amana hiyo hulipwa kwa kulipiga, au kwa kumpa mtu anayeweza kulipiga, na kwa kuwataja kwa majina waliolifanya liwe na maana.

Kampuni za magitaa zimekwisha kutambua kwamba watu wanaitamani historia hiyo, nazo zimeifanya bidhaa. Mwaka 1995 Fender ilianza kuuza magitaa mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi, rangi imekwanguliwa pale ambapo mkono ungelipumzika, vyuma vimetiwa kutu. Jina lake ni Relic. Hununuliwa makovu bila ya vita. Pengine si dhambi kubwa, maana gitaa hilo angalau hupigwa bila ya hofu, na wapo wapigaji hodari wanaolipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ni kichekesho kwamba alama za kazi zinauzwa kwa bei ghali na watu wale wale wanaolishusha bei gitaa la kale likikutwa na alama za kutengenezwa.

Kisa kinachoivunja kabisa mizani ya biashara ni cha Jaco Pastorius, kijana wa Florida aliyezaliwa mwaka 1951. Alikuwa na Fender Jazz la mwaka 1962, na alilitenda ambalo mkusanyaji yeyote angelilia. Alizing'oa freti zote, akaziba mapengo, kisha akaupaka ubao wa shingo dawa ya epoksi itumiwayo kwa mashua. Watu wa pwani wanaoijua kazi ya kalafati wataielewa akili hiyo mara moja: mbao laini huhitaji gamba gumu, na nyuzi za chuma hula mbao kama chumvi ilavyo. Gitaa hilo lililoharibiwa likatoa sauti inayoimba kama koo la mtu, nayo ikasikika katika santuri yake ya mwaka 1976 na katika kundi la Weather Report. Baadaye likavunjika vipande vipande, likaungwa. Mwaka 1986, maisha yake yakiwa yamekwisha kuporomoka, liliibwa New York, na mwaka uliofuata Pastorius akafa kwa kipigo alichopata nje ya klabu moja huko Florida.

Lilipojitokeza tena, baada ya miaka ishirini na ushei, ukazuka ugomvi baina ya familia na aliyelinunua. Mwaka 2010 Robert Trujillo, mpigaji wa besi wa kundi la Metallica, alitoa fedha za kuumaliza, kwa makubaliano kwamba familia ingeweza kulichukua wakati wowote kwa bei ile ile aliyoitoa yeye. Neno amana halikutamkwa, lakini ndilo lililotendwa.

Wahifadhi nao wana hoja yao, nayo haistahili kupuuzwa. Kama kila gitaa la mwaka 1951 lingelipigwa hadi likaisha, hapana fundi wa leo ambaye angelijua rangi ilichanganywa vipi au shingo ilikuwa na unene gani. Makumbusho ni jambo jema. Yapo magitaa machache yanayostahili kunyamaza ili mengine yapate kuigwa. Machache, biashara huyanyamazisha kwa mamia, na haiyaigi.

Mwaka 1961 Paul McCartney alinunua Hamburg gitaa la besi la Höfner kwa pauni 30 hivi, kwa kuwa Fender lilimshinda bei. Liliibwa London mwaka 1972, na Februari 2024 ikatangazwa kwamba limepatikana. Lilikuwa limelala darini katika nyumba moja ya kusini mwa Uingereza. Magazeti yalitaja mamilioni ya pauni. Habari hiyo ilifufua matumaini ya wanaolitafuta lile la Jamerson. Alama yake inajulikana: mwenyewe aliandika neno Funk pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Yamkini limekwisha kupakwa rangi nyingine, limetiwa vitasa vipya na freti mpya, na kila Jumapili linapigwa katika kanisa dogo la Los Angeles na mtu aliyelinunua kwa dola chache, ambaye akilipeleka dukani kesho ataambiwa kwamba, kwa hali lilivyo, halina thamani kubwa.