Pikipiki Yetu Ilikuwa Inang'aa



Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mtu wa haki hamtesi mnyama anayemtumikia. Sisi hapa Bukavu hatuna punda. Tuna pikipiki moja, iliyonunuliwa kwa matoleo yenu, na mama wengine walileta mihogo kwa kuwa hawakuwa na franka. Je, huyo si mnyama wetu?

Tunaungama mbele yenu. Wakati wa mvua uliopita, usiku, mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tulimpakia, na katikati ya mlima cheni ikakatika. Alitembea kwa miguu mpaka kituo cha afya, akishikwa mikono na wanawake wawili. Mungu alitenda huruma, mtoto yu hai. Lakini asubuhi tulipoitazama ile cheni, ilikuwa kavu, imekuwa nyekundu kwa kutu. Na pikipiki hiyo ilioshwa kila Jumamosi! Iling'aa kama sahani ya arusi.

Ilioshwaje? Sabuni ilipita kwenye tanki na taa, mahali macho ya watu yanapofika. Maji yaliondoa mafuta ya cheni, wala hayakurudishwa. Kosa si la kijana dereva. Ni letu sisi wazee, tuliomsifu kwa mng'ao.

Basi tumekubaliana hivi. Moteri ipoe kwanza, maana maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua. Tundu la ekzosi lizibwe kwa kitambaa, kisha kitambaa kiondolewe (waliokuwapo siku ile wanajua kwa nini tunasema). Tope lilowekwe, lisikwanguliwe likiwa kavu. Cheni isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, ipanguswe, ikauke, ndipo itiwe mafuta upande wa ndani, gurudumu likizungushwa kwa mkono na moteri imezimwa. Wapo vijana wanaopangusa cheni moteri ikiunguruma. Kidole kikiingia kati ya cheni na meno yake, hakirudi.

Breki za ngoma zikiingiwa na maji hazishiki vizuri. Baada ya kuosha, dereva aende polepole penye tambarare, akikanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke, kabla hajampakia mtu. Mitelemko ya Bukavu mnaijua.

Wala isipelekwe tena ziwani. Mafuta yake yanaelea mpaka pale mama anapoteka maji ya kupikia.

Punda wa Balaamu alifunguliwa kinywa akamwonya bwana wake (Hesabu 22). Pikipiki haitasema namna ile. Inaonya kwa nati iliyolegea, kwa waya wa breki ulioanza kuchanika, na anayeyaona hayo ni yule anayeinama kuiosha kwa mikono yake.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tutaanza sisi wazee wenyewe, nyuma ya nyumba ya sala. Mafuta ya cheni yamekwisha kununuliwa. Mwenye vitambaa vya zamani avilete.