Upekuzi Usiobisha Hodi

Polisi wakitaka kupekua nyumba Chanika, Handeni, au chumba cha kupanga Manundu, Korogwe, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inawawekea masharti. Hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Wakichukua kitu, hata simu ya tochi, wanapaswa kuandika stakabadhi, na mwenye nyumba na mashahidi waitie saini. Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji huitwa hata akiwa shambani.

Ibara ya 16 ya Katiba inaweka maskani ya mtu na mawasiliano yake binafsi chini ya hifadhi moja. Kwa maandishi, basi, simu ina heshima sawa na nyumba. Kwa vitendo je?

Abiria wa basi kutoka Dar es Salaam akipita Mkata, Kabuku na Segera hadi kushuka Korogwe, simu yake huacha kumbukumbu katika minara ya njiani. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo kumbukumbu hizo zina jina la mtu. Zinakaa kwenye kampuni ya simu. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri kwamba taarifa zinazohitajika kwa upelelezi zikabidhiwe. Abiria hahitaji kuwepo, wala mwenyekiti wake.

Je, huo ni upekuzi? Wapo watakaosema sio, kwa kuwa hakuna mlango uliofunguliwa na taarifa zilikuwa mikononi mwa kampuni. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ililikataa jibu hilo katika shauri la Carpenter, ambamo polisi walikuwa wamepata nyendo za mtu kwa siku 127 kupitia minara ya simu. Ilisema huo ni upekuzi, na kwa kawaida unahitaji hati ya jaji.

Kwetu Tanzania mzizi wa tatizo ni mwingine. Hata upekuzi wa nyumba, mkuu wa kituo anaweza kuuidhinisha mwenyewe bila hakimu. Kilichomlinda mwenye nyumba kilikuwa pale mlangoni: aliwaona waliokuja, jirani alishuhudia, akabaki na karatasi. Sheria ya mwaka 2015 imehamisha mamlaka ya mkuu wa kituo hadi kwenye mtandao, ikawaacha mashahidi nyuma.

Utaambiwa kwamba vijijini hakujawahi kuwa na siri, balozi wa nyumba kumi alijua nani kalala wapi. Kweli, lakini balozi naye alijulikana, na aliyeulizwa alijua nani kamuuliza. Kujuana kulikuwa kwa pande mbili. Utaambiwa pia kwamba mwizi hapigiwi hodi. Hilo nalo ni kweli, ila linahalalisha siri ya muda tu, upelelezi ukiendelea.

Ibara ya 30 inamruhusu mtu anayedai haki yake imevunjwa kufungua shauri Mahakama Kuu. Asiyejua kwamba amepekuliwa atafungua shauri gani? Haki ambayo mwenyewe hawezi kujua imevunjwa haina wa kuidai, na isiyo na wa kuidai imebaki ihsani ya mwenye mamlaka.

Kampuni ya Jamii Media ilikipinga kifungu hicho cha 32 mahakamani mwaka 2016, nacho kikaachwa kisimame. Kazi iliyobaki ni ya Bunge: hakimu aridhie kabla taarifa hazijachukuliwa, na upelelezi ukiisha mhusika aandikiwe nini kilichukuliwa, lini, na kwa amri ya nani. Mkazi wa Handeni anapewa stakabadhi ya simu iliyochukuliwa chumbani kwake. Apewe pia ya yale yaliyochukuliwa kutoka mnarani.