Sheria ya Uvuvi Humlinda Nani?

Mwaka 1994 Marekani ilifunga sehemu kubwa za Georges Bank, katika bahari ya Atlantiki, ili kuokoa samaki waliokuwa wakiisha. Humo kombe, waliokuwa wakikokotwa kwa nyavu za chuma kabla ya kukomaa, waliongezeka na kunenepa. Tangu 2004 maeneo hufungwa na kufunguliwa kwa zamu, kama mkulima anavyopumzisha shamba.

Subira yavuta heri. Lakini heri ya nani? Mwaka huohuo wa 1994 leseni kuu za uvuvi huo ziliwekewa kikomo. Waliokuwa na vyombo waliingia. Kijana wa leo lazima anunue nafasi hiyo kwa bei kubwa. Yaani walioshiriki kuimaliza bahari ndio waliokabidhiwa funguo zake.

Wapo watakaosema mlango ukiachwa wazi, uharibifu utarudi. Ni kweli. Ila kuweka kikomo cha mavuno ni jambo moja, kurithisha nafasi ni jingine. Nafasi zingeweza kutolewa kwa muda, kisha zikagawiwa upya. Sheria inayomsubiri kombe akue bila kumfikiria kijana asiye na chombo imetimiza nusu tu ya wajibu wake.