Tuligawana Shaka

Mama yangu hajui kwamba mwaka juzi aliteremka Mlima Kitonga ndani ya gari ambalo breki zake hakuna mtu aliyekuwa amezikagua sawasawa. Alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, akitupa habari za majirani wa Iringa. Kila tulipolikaribia lori alinyamaza kidogo, kisha akaendelea pale alipoishia. Tulifika chini salama. Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu, tukaendelea na safari ya Dar es Salaam. Hakuna kilichotokea. Nataka kufikiri juu ya hicho hicho: hakuna kilichotokea, na bado naamini tulimkosea.

Gari lilikuwa Subaru Impreza la kaka yangu. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza, na kuna kizazi kizima cha vijana wa Afrika Mashariki ambao hawakuyaona mashindano yale lakini wanalipenda gari hilo kana kwamba walikuwa pembeni ya barabara wakila vumbi lake. Kaka ni mmoja wao. Alipolinunua, likiwa limeshapita kwa wamiliki kadhaa, kwanza alibadilisha rimu. Kisha akabadilisha kalipa za mbele, akaweka kubwa zenye pistoni nne kila moja, zilizotoka kwenye Impreza jingine lililochinjwa. Zilipendeza. Zilionekana vizuri kupitia matundu ya rimu, na nadhani hiyo ilikuwa nusu ya sababu.

Baada ya hapo pedeli ikaanza kuzama. Kwa asiyejua: ukikanyaga breki, mguu wako husukuma fimbo, fimbo husukuma pistoni iliyomo ndani ya bomba fupi la aluminiamu, na pistoni hubana mafuta ya breki. Mafuta hupita kwenye mirija mpaka kwenye kalipa, kalipa zikabana diski, gari likasimama. Bomba hilo ndilo masta silinda. Kinachozuia mafuta yasipenye nyuma ya pistoni ni raba, vikombe vidogo vyenye ukingo mwembamba. Gari zima, zaidi ya tani moja, husimama kwa hisani ya ukingo huo.

Kalipa kubwa zilihitaji mafuta mengi zaidi, kwa hiyo mguu ulilazimika kwenda mbali zaidi kabla gari halijaanza kushika. Dawa wanayopeana wenye Subaru ni kutafuta masta yenye kipenyo kikubwa zaidi. Yetu ilikuwa ya inchi 1. Tukaenda Ilala kutafuta ya inchi 1 na 1/16.

Tuliipata siku hiyo hiyo. Ilikuwa imelazwa kwenye turubai kati ya taa na vioo vya pembeni, kipimo chake kikisomeka ubavuni. Muuzaji alisema gari iliyotoka iligongwa ubavuni, kwa hiyo sehemu ya mbele ilikuwa nzima. "Hii nzima kabisa, kaka," alisema. "Na kama ina tatizo, fundi wenu ataliona." Tulimlipa shilingi 90,000. Mpya tuliambiwa ni zaidi ya mara nne ya bei hiyo.

Gerezani, fundi aliigeuza mkononi, akasukuma pistoni kwa bisibisi, ikaingia na kurudi. "Mmeijaribu?" akauliza. Kaka akajibu kwamba muuzaji amesema ni nzima. Fundi akasema, "Mkitaka niifungue nitaifungua. Lakini mtanunua raba mpya, na leo gari hamlipati."

Kaka akanigeukia. "Wewe ndiye msomi. Unasemaje?"

Nilikuwa nimesoma habari za masta silinda kwa usiku mbili, badala ya kuandika sura ya pili ya tasnifu yangu. Nilijua kwamba ukihamisha masta kutoka gari moja kwenda jingine lazima upime nafasi kati ya ile fimbo na pistoni, kwa sababu fimbo ikiwa ndefu mno pistoni hairudi mpaka mwisho, breki zinabaki zimeshika, na diski zinachemka. Nikalitaja jambo hilo. Fundi akanitazama upya, akasema kweli, akapima, akarekebisha. Nilifurahi sana. Sasa naona kwamba swali lile moja zuri ndilo lililonidanganya. Lilinifanya nijione nimeuliza maswali yote.

"Fundi ameishika mkononi," nikamwambia kaka. "Ameona iko sawa."

"Basi fundi, funga," kaka akasema.

Itazame duara hiyo. Muuzaji alikuwa na shaka kidogo, akamwachia fundi. Fundi alikuwa na shaka kidogo, akaitaja, kisha akamwachia mwenye gari. Mwenye gari akamwachia mdogo wake aliyesoma. Mimi nikairudisha kwa fundi, nikijifanya kwamba bisibisi yake ilikuwa kipimo. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alisema jambo ambalo, likichukuliwa peke yake, lilikuwa la kawaida kabisa. Tulipoondoka Gerezani sote wanne tuliamini ile masta ni nzima, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na sababu yake mwenyewe ya kuamini.

Na pedeli ilikuwa ngumu! Kaka aliikanyaga njia nzima kutoka Gerezani mpaka Ubungo, akicheka. "Sikia hii," alisema, kana kwamba ugumu unasikika. Mimi pia niliikanyaga kwa nguvu, ikasimama juu kama jiwe, nami nikaridhika.

Lakini hesabu yake ni rahisi, na ningeweza kuifanya palepale. Kipenyo kikiongezeka kutoka inchi 1 hadi 1 na 1/16, eneo la pistoni linaongezeka kwa karibu asilimia 13. Shinikizo la mafuta ni nguvu ya mguu kugawanywa kwa eneo hilo. Maana yake, ili upate shinikizo lile lile la zamani, sasa unapaswa kukanyaga kwa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 13. Masta kubwa hufupisha safari ya pedeli. Haiongezi uwezo wa gari kusimama hata chembe. Tulichokifurahia kilikuwa hisia ya mguu, tukaiita usalama.

Tasnifu niliyokuwa nikiikwepa ilimhusu, pamoja na wengine, mwanafalsafa Mwingereza William Clifford. Mwaka 1877 aliandika makala kuhusu maadili ya kuamini, na alianza na kisa cha mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, imeshatengenezwa mara nyingi, naye ana wasiwasi kwamba haifai tena kwa safari. Kuikagua ni gharama. Basi anajituliza: imeshavuka bahari mara nyingi, itavuka na hii. Mwishowe anaamini kwa dhati. Meli inazama na abiria wake. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na imani yake ya dhati haimsaidii, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anakwenda mbali zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Angekuwa tu hajagundulika.

Nilikuwa nimekifundisha kisa hicho kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye semina. Nilikuwa hata nimewaambia kwamba sehemu ya pili ni kali mno. Tulipomfuata Mama Iringa, wiki moja baada ya kufunga ile masta, haikunijia kabisa kwamba mwenye meli ni mimi.

Labda kwa sababu Clifford alimfikiria mtu mmoja. Mwenye meli yake hubeba shaka yote peke yake, kwa hiyo lazima apigane nayo na kuizima. Sisi hatukuhitaji kupigana. Tuliigawana. Shaka ambayo ingemkosesha mtu mmoja usingizi, ikigawanywa kwa wanne, kila mmoja hubeba kipande chepesi anachoweza kukisahau kabla ya chakula cha jioni. Nadhani hatari nyingi za maisha yetu ziko hivyo. Hazitoki kwa mtu mbaya aliyejua. Zinatoka kwa watu wa kawaida, kila mmoja akijua kidogo na kudhani kwamba kinachobaki kinajulikana na mwenzake.

Wiki mbili baada ya safari tulikuwa kwenye taa za Mwenge. Kaka alikuwa ameweka mguu juu ya breki, kwa ulegevu tu, akisubiri. Nikamwona anatazama chini. Pedeli ilikuwa inashuka polepole chini ya mguu wake, kama mtu anayezama kwenye tope. Alipoachia na kukanyaga tena kwa nguvu, ikasimama juu, ngumu kama siku ya kwanza.

Fundi alipoifungua safari hii, tulielewa. Ndani ya bomba kulikuwa na vidoa vya kutu nyeupe ya aluminiamu, kwani mafuta ya breki hunyonya unyevu, na masta iliyokaa juani na mvuani bila kufunikwa hunywa mwingi. Ukingo wa raba moja ulikuwa umelika. Akatueleza kwa nini hatukuliona mapema: ukikanyaga kwa nguvu, mafuta yenyewe huibana raba ukutani na kuziba, ukikanyaga polepole na kushikilia, mafuta hupenya. Jaribio la kweli ni kukanyaga kidogo na kungoja. Halihitaji kifaa chochote. Sisi tulikuwa tunakanyaga kwa nguvu na kufurahi.

Najua linaloweza kusemwa dhidi yangu, na kaka amelisema. Nchi hii inatembea kwa spea za mtumba. Daladala inayompeleka muuguzi kazini, bodaboda, pikipiki ya mkaa, vyote vina kitu kilichotolewa kwenye chombo kilichokufa. Ukisema kila mtu anunue mpya, umesema maskini watembee kwa miguu. Mwenye meli wa Clifford alikuwa tajiri aliyetaka kubakiza faida. Je, anayebana matumizi kwa sababu hana naye ana hatia ile ile?

Sidhani. Lakini jibu hilo halitusaidii sisi. Hatukuwa watu wasio na uwezo. Gari lilikuja na breki zilizotosha. Tulikuwa na pesa ya rimu na ya kalipa zinazoonekana, zikatuishia tulipofika kwenye kitu kisichoonekana. Wala kosa halikuwa mtumba. Bomba la mtumba lililofunguliwa, likakutwa ndani safi, likawekewa raba mpya, lingeweza kutuhudumia vizuri. Kilichopungua ni siku moja ya kungoja na mtu mmoja wa kusema: hii shaka ni yangu, siipokezi.

Na breki si kama redio. Redio ikiharibika, hasara ni yako. Kwenye breki umewawekea dau Mama, dereva wa lori lililo mbele, na mtoto anayevuka na vitunguu kichwani pale Ruaha Mbuyuni. Hawa hawakuwapo Gerezani kuulizwa "unasemaje?" Aliyeulizwa kwa niaba yao nilikuwa mimi.

Kaka alinunua masta mpya. Ile ya zamani akataka kuirudisha Ilala, walau apate 40,000. "Tutamwambia muuzaji raba zimelika," alisema. "Atajua la kufanya." Nilisikia duara ikianza kuzunguka upya. Tuligombana, na kwa haki yake, pesa ilikuwa yake. Mwishowe nilimlipa hiyo 40,000, nikamwomba fundi aitoboe kwa drili pande mbili, nikaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Akaiweka kwenye mizani, akayaona matundu. "Mbona mmeiharibu?" akaniuliza. "Hii ingeuzika."

"Ndiyo maana," nikamwambia.

Amebaki Mama. Kila nikifikiria kumwambia, najua atakachojibu: mwanangu, Mungu alitulinda, ya nini kuyafukua? Na mimi nitatamani kukubali, kwa kuwa jibu hilo linachukua kipande changu cha shaka na kukipeleka mbali kabisa. Nitamwambia hata hivyo. Anakuja Dar mwezi ujao, na safari hii, kabla hajapanda gari, nataka ajue anachokipanda na nani amekikagua.