Nisipofungua Mimi, Atafungua Mwingine

Kitasa cha mlango humzuia mwizi kabla hajaingia. Redio ya gari iliyotiwa namba ya siri kiwandani haimzuii chochote. Atavunja kioo, atatia bisibisi kwenye dashibodi, atakata nyaya, ataondoka na redio kwapani, na muda wote huo kufuli imelala. Itaamka siku redio itakapounganishwa na betri nyingine, mbali na ilipoibwa, pengine ikiwa imeshanunuliwa na mtu asiyejua lolote. Hapo ndipo skrini itakapodai namba na kungoja.

Mimi ni fundi wa redio za magari. Kibanda changu kiko Changamwe, njia ya Magongo, ambako malori ya bandarini hupiga foleni mchana kutwa na vumbi lake tunalinywa na chai. Redio mbovu siku hizi naziona kwa nadra. Ninazoletewa ni redio nzima zilizojifunga, na kwa kuwa kuzifungua ndiko kunakonilisha, kuna swali siwezi kulikwepa: nina dhima gani mbele ya Mwenyezi Mungu juu ya kitu ambacho sikukiiba wala sikukinunua, nilichokishika nusu saa tu nikamrudishia aliyekileta?

Nianze na kufuli yenyewe, maana jibu limo humo. Redio hupata umeme kwa njia mbili. Moja huja ukizungusha ufunguo, hukatika ukizima gari. Ya pili hutoka kwenye betri moja kwa moja, haikatiki usiku wala mchana. Ndiyo inayoifanya redio ikumbuke saa na stesheni ulizoweka. Njia hii ya pili ikikatika, redio haina namna ya kujua kama ni fundi anabadilisha betri au ni mwizi anang'oa. Kwake yote mamoja. Umeme ukirudi, inajifunga na kudai namba, ambayo imehifadhiwa ndani kwenye chipu ya miguu 8 isiyohitaji umeme ili kukumbuka.

Kila kampuni ina tabia yake. Volkswagen nyingi za zamani huandika SAFE na kutaka tarakimu 4. Ukikosea mara mbili, unaiacha ikiwaka kama saa nzima kabla haijakubali kukusikiliza tena. Honda nyingi hutaka tarakimu 5. Tarakimu 4 hupangika kwa njia 10,000 tu, kwa hivyo kinachomshinda mwizi hasa ni kule kungojeshwa. Toyota zilizouzwa Japani zenye skrini ya ramani zina mtindo wao: nyingi zikijifunga hukuonyesha msururu wa herufi na tarakimu 16, na msururu huo una jibu lake, ambalo kule kwao mwenye gari hulifuata kwa muuzaji wake.

Hapa Mombasa muuzaji huyo yuko ng'ambo ya bahari. Gari limekuja kwa meli, umri wake hauzidi miaka 8 kama kiwango cha Kenya kinavyotaka, limekaa yadini mpaka betri imekufa, wa kulitoa amelitia betri nyingine, na mnunuzi aliyelipa ushuru wake wote anakabidhiwa gari lenye redio inayomshuku. Pengine hata kadi ya ramani imeshachomolewa njiani, na kila unayemuuliza anaapa hakuiona. Nikishamfungulia, itabidi bado nimwekee kile kidude cha kubadilisha masafa, kwa sababu redio za Japani zilitengenezwa kusikia FM ya 76 hadi 90, na za karibuni hadi 95, ilhali Baraka FM iko 95.5 na Pwani FM iko 103.1. Watu hawa ndio wengi wa wateja wangu. Wanaadhibiwa na kufuli iliyowekwa iwalinde, na kuwafungulia ni wema usio na shaka.

Shaka huja namna nyingine. Alasiri moja alikuja kijana amebeba redio ya Toyota ndani ya kiroba.

"Assalamu alaikum, mzee wangu. Nataka unifungulie hii."

Niliitikia, nikaipokea, nikaigeuza. Fundi akitoa redio huchomoa soketi: unabonyeza kile kishikizo cha plastiki, soketi inatoka nzima na nyaya zake zinabaki garini. Hii ilikuwa na soketi yake bado mgongoni, na nyaya zimekatwa kwa urefu wa kidole, zote pamoja. Bamba la chuma linaloishikilia upande wa kushoto lilikuwa limepinda.

"Gari liko wapi, mwanangu?"

"La ami yangu. Liko Mtongwe."

"Basi mwambie ami yako aje nalo. Nitaifungua ikiwa mahali pake."

"Feri hiyo, mzee. Foleni yake unaijua."

"Barabara ya Dongo Kundu iko wazi. Feri ya nini?"

Akanyamaza kidogo. "Wewe fungua tu, mzee wangu, pesa ninayo." Nilipokataa aliirudisha redio kirobani, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Hakurudi.

Wapo watakaosema kutorudi kwake kumemfichua. Mimi sioni hivyo. Magari yaliyogongwa huchinjwa na vipuri vyake vikauzwa kwa halali, na wanaoyachinja hawana muda wa kubembeleza soketi. Na kijana mwaminifu aliyehojiwa kama mwizi naye haoni sababu ya kurudi.

Jirani yangu anayechaji betri alikuwa akisikiliza. "Sasa umepata nini?" akaniuliza. "Atavuka barabara, atafunguliwa. Aliyeibiwa, kama yupo, hajarudishiwa kitu. Wewe umekosa pesa ya chakula cha usiku. Usipofungua wewe, atafungua mwingine."

Hoja hii nimeisikia tangu utoto, kwa watu wa kila kazi, na wanaoijibu kwa hasira hawajaipima uzito wake. Ukiangalia matokeo peke yake, jirani yangu kasema kweli tupu. Kukataa kwangu hakukubadilisha chochote duniani ila mfuko wangu.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la kifundi. Nilimwambia kwamba kufuli hii hufanya kazi kichwani mwa mwizi kabla hajavunja kioo. Akijua kwamba redio ya gari lile haitauzika, atapita. Ndiyo hekima ya wenye magari wanaochora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa: kioo bado kitang'oka, ila kitamkosa mnunuzi. Na nani anahakikisha redio iliyofungwa haiuziki? Kiwanda kiliweka chipu, kikaweka namba, kikaweka muda wa kungojeshwa, lakini kipande cha mwisho cha kufuli kikakiacha nje ya redio, mkononi mwa fundi. Fundi akifungua bila kuuliza, amefungua redio ile na amelegeza za magari yote ya mji.

Tulisomeshwa chuoni kwamba iko faradhi ya kifaya, kama sala ya maiti: wakiisimamia baadhi, waliobaki wamesamehewa. Ya mafundi imepinduka. Hata tukiitimiza sote isipokuwa mmoja, mmoja huyo anatosha kuiharibu.

Jirani yangu akacheka. Kwa maneno hayo nilikuwa nimemkabidhi ushindi, maana mmoja huyo yupo kila mahali, na siku hizi yuko hata mtandaoni. Kwa aina kadhaa za redio za Toyota zipo programu ambazo unaziandikia ule msururu wa 16, nazo zinakutemea jibu papo hapo, bila kukuuliza jina. Kama fundi ni sehemu ya kufuli, basi sehemu hiyo imeshavunjwa, na mimi nalinda mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Kwa hivyo jibu la kifundi halitoshi. Lililonitosheleza nimelipata kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika *Ihya* anasimulia habari ya fundi wa kushona aliyemwendea Abdullah bin Mubarak, akamuuliza kama kuwashonea nguo watu wa sultani kunamfanya awe miongoni mwa wasaidizi wa madhalimu. Akajibiwa kwamba wasaidizi ni wale wanaomuuzia yeye sindano na uzi. Ama yeye, ni katika madhalimu wenyewe.

Ni jibu kali, na sidhani kila fundi anastahili kuangushiwa lote. Lakini linaifikia hoja ya jirani yangu pale inapojificha. Mshonaji yule naye angeweza kusema kwamba mafundi ni wengi na sultani hatatembea uchi kwa sababu yake. Hilo halikuingia katika hesabu. Kilichotazamwa ni mkono wake na nguo iliyokuwa mkononi. Yule "mwingine" tunayemtaja kila siku hana jina, hana kibanda, na siku ya kusimama hatasimama kwa niaba ya yeyote. Zunguka Changamwe, vuka Likoni, pita Kisauni ukimtafuta: kila fundi atakuelekeza kwa anayefuata. Mwisho wa safari redio zote zimefunguliwa na hakuna aliyefungua. Hoja inayoweza kumtoa kila mtu katika kosa, na kosa likabaki limetendeka, ina walakini ndani yake.

Lakini Ghazali huyo huyo ananizuia nisijigeuze polisi. Katika mlango wa halali na haramu anawagawa watu wenye mali mkononi: yuko unayemjua, yuko usiyemjua, yuko unayemshuku kwa dalili. Usiyemjua, na huna dalili juu yake, humhoji, kwa sababu kumuuliza Muislamu mali yake kaitoa wapi ni kumuudhi, na udhia huo ni hakika ilhali shaka yako ni shaka tu. Mwenye dalili ndiye anayeulizwa. Basi kazi ni kujua nini dalili. Nyaya zilizokatwa ni dalili. Kutoka Kisauni si dalili, ingawa vijana wa huko wameshabebeshwa sifa ya magenge mpaka wengine wanaona haya kutaja mtaa wao. Kuja kwa miguu si dalili. Na bwana aliyeshuka kwenye Harrier akiuzungusha ufunguo kidoleni hajaleta ushahidi wowote kwa kule kuvaa vizuri.

Njia ya kutoka niliipata katika hukumu ya kitu kilichookotwa. Katika hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani, aliyeokota anaamriwa akitambue kifuko na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija, hujulikana kwa kuzieleza alama hizo. Ninachokipenda hapo ni kwamba anayekuja kudai haulizwi ni mtoto wa nani wala anakaa wapi. Anaulizwa habari za kitu.

Nami nimefanya hivyo. Ukutani kwangu kuna tangazo la rangi: redio hufunguliwa ikiwa ndani ya gari, na gari liwe na stakabadhi zake, za usajili au za bandarini. Limeandikwa kwa wote, kwa hivyo halimtusi yeyote. Mwenye Harrier analisoma na mwenye kiroba analisoma. Nikifungua, naandika namba ya gari na namba ya redio kwenye daftari, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo halijamkamata mwizi. Linanikumbusha tu kwamba kila redio niliyofungua niliifungua mimi, kwa jina langu na tarehe yake.

Jirani yangu bado anadai napoteza wateja, na ni kweli, nawapoteza. Chipu iliwekwa ili ijue mwenye mali ni nani, ikaishia kujua mwenye namba ni nani, na tofauti baina ya hao wawili ikaachiwa mtu mwenye bisibisi. Sikuomba kuachiwa, lakini ujira wake nakula. Sitaulizwa redio ngapi ziliibwa Mombasa katika zama zangu, wala mafundi wenzangu walifungua ngapi. Hayo yana wenyewe. Nitaulizwa kama nyaya niliziona, na nilipoziona nilifanyaje.