Tusione Haya Kuimba Nyimbo za Safari Yetu



Tamasha la kwaya limekaribia, nasi tumesikia wanakwaya wengine wakiona haya kuimba mbele ya wageni nyimbo tulizotunga tukikimbia. Wanasema ni nyimbo za watu waliolala porini.

Tukumbuke vijana wa shule ya Fisk, mjini Nashville, Marekani. Mwaka 1871 waimbaji tisa, wengi wao waliozaliwa utumwani, walitoka kuimba mji hata mji ili kuiokoa shule yao yenye madeni. Nao mwanzoni waliona haya kuimba hadharani nyimbo za wazazi wao watumwa. Lakini ndizo zilizogusa mioyo ya watu, na fedha zilizopatikana zikajenga jumba la shule. Watunzi wengi wa nyimbo hizo hatuwajui majina. Mungu anawajua.

Waliitwa Waimbaji wa Yubile, kwa ajili ya mwaka ule wa Mambo ya Walawi 25, mtumwa anapoachwa huru na kila mtu kurudi kwenye urithi wake. Sisi bado hatujarudi. Hata hivyo tuimbe! Wazee wale waliimba uhuru kabla ya kuuona.

Mungu awabariki. Amina.