Aliyekaa Mlangoni

Ukitaka kuwajua watu wa rika langu, subiri dijei wa harusi aweke Kassav'. Akina baba wenye vitambi wanaacha sahani zao, na kabla wimbo haujafika katikati wameshaanza: enzi zetu, bwana, disko lilikuwa disko. Watakutajia spika zilizotikisa mabati, panki walizonyoa, viatu vya kuazima. Dijei wa mtaani kwao watamsifu kama mgonjwa anavyomsifu mganga aliyemponya. Nami hucheka nao, maana nilikuwamo. Ila katika simulizi zao zote hakuna mlango. Wanajikuta tu ndani, wanaserebuka. Disko ninalolikumbuka mimi lilianzia mlangoni, na kwa msichana lilianzia mlango wa nyumbani kwao.

Nazungumzia Dar es Salaam ya mwishoni mwa miaka ya 1980, Mzee Mwinyi yuko Ikulu na mitumba imeanza kufurika masokoni. Bara hatukuwa na televisheni. Ilikuja mwaka 1994. Redio ilikuwa ya serikali, na muziki wake ulitawaliwa na bendi zetu za dansi, jambo ambalo leo naliona neema na wakati ule tuliliona adhabu. Kwa hiyo mtindo mpya ukiingia mjini, iwe kwasa kwasa ya Wakongo au breki ya Wamarekani, ulifikia disko. Uliuona pale kwa macho yako, ukarudi nao nyumbani, ukaufanyia mazoezi uani hadi Jumapili nyingine. Wakubwa walikuwa na disko la Mbowe pale mjini na hoteli za ufukweni. Sisi tulikuwa na ukumbi wa mtaa wenye sakafu ya saruji, feni mbovu, na dijei aliyebeba kaseti zake kwenye boksi la viatu. Sikukuu, alasiri ilikuwa ya wadogo, disko toto. Sisi wa sekondari tuliingia magharibi, na saa nne tulitakiwa tuwe nje.

Mama hakuwa mtu wa kukataa kwa kelele. Mwaka 1969 alikuwa msichana wa mjini, Umoja wa Vijana wa TANU ulipoanza kutekeleza Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikawa haramu. Mwaka huohuo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Alikuwa na gauni moja alilolificha chini ya sanduku na hakulivaa tena. Kwa hiyo nilipoomba ruhusa hakunihubiria. Alisema: nenda, lakini na kaka yako, na saa nne na nusu niwaone wote wawili hapa.

Kaka aliweza kutoka bila mimi, ila hakuwa na kiingilio. Mama alitoa fedha ya wawili kwa sharti la wawili. Hadi leo kaka huwasimulia wanawe kwamba alikuwa akimpeleka shangazi yao disko. Hesabu ya kiingilio inasema vingine.

Ndani, raha yenyewe ilikuwa fupi kuliko tunavyoisimulia. Muda mwingi wavulana walisimama ukuta ule, wasichana ukuta huu. Sebene ilituchanganya, maana haihitaji mwenzi. Balaa lilikuwa bluzi. Dijei akishapunguza taa, mvulana alitakiwa kuvuka sakafu yote ile watu wakimtazama, anyooshe mkono, aombe. Na msichana aliweza kutikisa kichwa. Hili nimelitafakari sana. Sikumbuki mahali pengine katika malezi yetu ambapo msichana wa miaka 16 aliombwa kitu na mvulana hadharani, akakataa, na mvulana akarudi ukutani kwake akachekwa na wenzake, basi, yakaisha. Nyumbani tulifundishwa kutii. Ukumbini tulijifunza kukataa na kukataliwa, na tulijifunza kwa sababu palikuwa na mashahidi.

Shahidi mkuu alikaa mlangoni. Alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu, sisi tulimwita Afande tu. Alimnusa kila mvulana kama amekunywa, alimrudisha aliyekuja na sare ya shule, na ukumbi ukijaa alifunga geti hata kama mwenye disko anamsihi aongeze wengine. Tulimchukia kweli. Wavulana walizamia kwa dirisha la choo, wakamkuta anawasubiri upande wa pili. Siku umeme ulipokatika ghafla aliwasha tochi, akaamuru wote tukae chini palepale tulipo, kisha akatutoa kidogo kidogo, wasichana kwanza.

Oktoba mosi 2008, siku ya Idd el-Fitr, watoto wapatao 20 walikufa Tabora wakiwa katika disko toto, kwa kubanana na kukosa hewa ndani ya ukumbi uliofurika. Tangu hapo, sikukuu ikikaribia, ni kawaida kusikia polisi wa mikoa wakitangaza marufuku ya disko toto. Siwalaumu. Lakini tangazo ni kazi rahisi. Kumweka mlangoni mtu mzima aliye tayari kuchukiwa, anayekataa kiingilio cha mtoto mmoja zaidi, hiyo ni gharama, na sijaona wengi wanaotaka kuilipa.

Sitaki kumfanya Afande wala mama malaika. Ruhusa ile haikugawanywa sawa. Jirani yetu mmoja hakuwa na kaka, na baba yake aliamua kwamba asiye na kaka hana disko. Jumatatu alitudai tumwoneshe mitindo yote, kisha akaicheza nyuma ya darasa vizuri kuliko sisi tuliokuwako. Mdogo wetu wa kiume naye alipofika umri wetu hakuulizwa anakwenda na nani. Nilipomuuliza mama sababu, alisema mvulana harudi na mimba. Harudi nayo, ni kweli, huiacha huko alikotoka. Nchi ilikuwa ikimfukuza shule msichana mjamzito, na ilisubiri hadi mwaka 2021 kutangaza kwamba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Namwelewa mama. Jibu lake bado halinitoshi.

Binti yangu ana miaka 17 na muziki wote anao kwenye simu, hata hivyo juzi aliomba kwenda tamashani. Sikumtafutia kaka. Nilimuuliza kuna milango mingapi ya kutokea na nani anahesabu wanaoingia, akanijibu kwamba haendi kukagua jengo. Nikasema basi nitampeleka mwenyewe na kumsubiri pale nje. Akasema, "Mama, utanichoresha." Tukapatana: niegeshe mtaa wa pili, simu yake iwe hewani, na saa tano kamili nimwone. Alichelewa dakika kumi, akanikuta nimeshashuka garini niko getini.